Barabara Inayojengwa Upya Kila Alfajiri

Siku ya mwangaza, ukisimama bondeni Kent, kusini mwa Seattle, unauona wote: mlima mweupe wa mita 4,392, umekaa peke yake kama Kilimanjaro inavyokaa juu ya Moshi. Wenyeji wa huku husema tu, "Leo mlima umetoka." Ramani zinauita Rainier. Watu wa Nisqually, Puyallup na makabila jirani waliuita kwa majina yanayosikika kama Tahoma, tangu zamani sana kabla ya tarehe 2 Machi 1899, siku ulipotangazwa kuwa hifadhi ya taifa ya Marekani.

Kuuona ni bure. Kuufikia wakati wa theluji ni habari nyingine. Kati ya barabara zote zinazopanda mlimani humo, ni moja tu inayosafishwa majira ya baridi: ile itokayo Longmire, mita 840 juu ya usawa wa bahari, hadi Paradise, mita 1,646. Ni kilomita 18 hivi za kona na miinuko. Nyingine huachwa zifukiwe mpaka theluji iyeyuke. Kwa miaka mingi lango la Longmire lilifungwa usiku na kufunguliwa asubuhi, hali ya hewa ikiruhusu, bila kujali ni Jumatatu au Jumapili. Msimu wa 2022 kuingia 2023, uongozi wa hifadhi ukatangaza kuwa lango litafunguliwa mwisho wa wiki tu, kwa sababu wafanyakazi hawatoshi. Tangu hapo, theluji ya kwanza ikianguka, watu huulizana: mwaka huu tutapanda siku ngapi?

Swali hilo ni letu pia. Bonde hili la Kent na Tukwila lina wasemaji wengi wa Kiswahili, waliotoka Kenya, Tanzania, Kongo, Burundi na Somalia, na mlima huo ndio wanaouona watoto wetu wakienda shule. Kwa hiyo nimewakalisha watu wanne kwenye sebule moja, chai ya tangawizi mezani, nikawapa hoja waipasue. Sauti nimezipanga mwenyewe na sikuzipa majina, kwa kuwa kila moja inasema maneno ya wengi. MHUDUMU ni dada wa Kikenya anayetunza wazee kwa zamu. DEREVA ni Mkongomani wa Bukavu anayeendesha lori. MPAGAZI ni mzee wa Marangu aliyebeba mizigo Kilimanjaro kabla ya kuhamia kwa binti yake. MWANAFUNZI ni binti aliyekulia hapa, anasomea mazingira. MSIMAMIZI ni mimi.

Hoja ni hii: barabara ya Paradise ifunguliwe siku zote saba majira ya baridi.

MHUDUMU: Naunga mkono, wala sitazunguka. Wikendi ni ya nani? Ni ya wenye ofisi. Mimi zamu zangu ni Alhamisi mpaka Jumatatu, kwa sababu ndizo siku ambazo wengine hawazitaki. Nikipumzika ni Jumanne na Jumatano. Anayepanga bidhaa ghalani, anayesafisha uwanja wa ndege, anayepika hotelini, wote ni hivyo hivyo. Nilimwahidi mwanangu wa miaka minne theluji. Tukanunua tyubu, ile ya mpira kama ya tairi la lori, nikaijaza upepo kwenye kituo cha mafuta, nikaifunga juu ya gari kwa kamba ya kuanikia nguo. Kufika Longmire, lango limefungwa. Sikuwa nimeulizia siku, hilo ni kosa langu. Lakini mtoto aliniuliza, "Mama, kwani mlima unafanya kazi siku gani?" Nilikosa la kumjibu. Kodi yangu haichagui siku.

DEREVA: Pole sana, mama. Lakini umelitaja lango kana kwamba kuna mtu ameshika ufunguo akakataa kufungua. Mimi lori langu linavuka mlima pale Snoqualmie majira yote, na nakwambia, theluji haina habari na ufunguo. Paradise huanguka theluji ya mita 16 hivi kwa mwaka wa kawaida. Msimu wa 1971 kuingia 1972 zilipimwa mita 28 na nusu, ikawa rekodi ya dunia mpaka mlima Baker, ulio kaskazini katika jimbo hili hili, ulipoivunja msimu wa 1998 kuingia 1999. Sasa fikiria. Lami ipo, imelala chini huko. Kabla wewe hujafunga tyubu yako, mtu ameamka gizani, amepanda greda lenye bamba la chuma mbele, anasukuma theluji kona kwa kona. Kingo zikishakuwa kuta, bamba halina pa kuisukumia tena, inabidi ije mashine ya kuimeza theluji na kuirusha mbali. Akifika juu bado ana uwanja mzima wa kuegesha magari. Akigeuka, alipopita pameanza kufunikwa upya. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

MHUDUMU: Mbona Snoqualmie iko wazi siku saba, usiku na mchana?

DEREVA: Kwa sababu inapitisha makontena. Barabara ile inatoka Seattle kwenye bandari inaelekea mashariki ya nchi. Ikifungwa siku moja, wenye mali wanapiga simu. Jimbo linaweka watu wa kutosha kwa zamu. Na hata hivyo hufungwa: tunakaa kwenye foleni wakati wanalipua theluji ya juu kwa makusudi, isije ikaporomoka yenyewe magari yakiwa chini. Ya Paradise haipitishi mzigo. Inapandisha watu wa kutembea tu.

MHUDUMU: Hilo "tu" ndilo linalonichoma, kaka.

MSIMAMIZI: Tulishike hilo "tu", tutalirudia. Mzee wetu, wewe umeishi na mlima. Unasemaje?

MPAGAZI: Mimi nimebeba kilo 20 za watu wengine kwa miaka mingi. Kule kwetu njia ya Marangu gari linaishia getini, chini ya mita 2,000. Kuanzia pale ni miguu. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba gari kufika juu ni haki ya mtu. Kwa hiyo mwanzoni niliposikia watu wanalalamikia kilomita 18, nilishangaa. Lakini nikakumbuka kitu kimoja. Mgeni akizidiwa kule Kibo, zaidi ya mita 4,700, tulikuwa tunamlaza kwenye kitanda cha chuma chenye gurudumu moja katikati. Wawili mbele, wawili nyuma, wengine pembeni wakishika asipinduke. Usiku, mawe, baridi. Tunakimbia naye, miguu inawaka moto, na jambo moja tu liko kichwani: tufike mahali gari linapoweza kutufikia. Barabara huijui thamani yake mpaka umembeba mgonjwa kuielekea. Kwa hiyo nauliza: siku ambazo barabara haikusafishwa, aliyevunjika mguu kule Paradise atashukaje?

MWANAFUNZI: Mzee, kwa heshima zote, siku hizo juu hakuna msongamano wa watu wa kuvunjika miguu.

MPAGAZI: Mmoja anatosha, mjukuu wangu.

MWANAFUNZI: Ni kweli. Lakini niruhusuni nisimame upande wa pili. Hifadhi hii haikuwekwa kwa ajili yetu peke yetu. Sheria ya mwaka 1916 iliyoanzisha Idara ya Hifadhi za Taifa ilitoa amri mbili kwa pamoja: watu wafurahie, na mahali patunzwe pasiharibike kwa vizazi vijavyo. Sisi tunaikumbuka amri ya kwanza kuliko ya pili. Nenda Paradise siku ya Jumamosi uwaangalie mbweha wekundu wa Cascade. Mnyama wa milima mirefu, mwenye manyoya mazito, wengine weusi kama makaa, anakuja mpaka mlangoni mwa gari kuomba chipsi. Watu wanashusha kioo, wanampiga picha, wanamrushia. Akizoea, anaanza kuzunguka chini ya magari, na magari yanamgonga. Mwaka 2022 jimbo la Washington lilimtangaza kuwa yuko hatarini kutoweka. Ni mwaka huo huo ratiba ilipopunguzwa, na sikulia. Siku tano bila injini na bila harufu ya chipsi ni rehema kwa mnyama wa namna hiyo. Kwetu tuna msimu wa kulima na msimu wa kuacha shamba lipumzike. Kwa nini mlima usipumzike?

MHUDUMU: Binti yangu, shamba likipumzika limepumzika kweli. Hapa watu hawakupungua, walikusanywa. Waliokuwa wakija kwa siku saba walibanwa katika mbili. Jumamosi ukichelewa kidogo uwanja umejaa, askari wanazuia magari chini, watoto wanalia ndani ya gari. Na mbweha wako anawapata wote kwa mpigo. Unafikiri amesahau chipsi kati ya Jumatatu na Ijumaa? Anangoja.

MWANAFUNZI: Hapo umenishika. Basi tuhesabu watu, sio siku. Kiangazi cha 2024 hifadhi ilijaribu utaratibu wa kuweka nafasi kwa saa, hata upande wa Paradise. Tufanye hivyo na majira ya baridi: magari kiasi fulani kwa siku, yasizidi.

DEREVA: Mdogo wangu, tiketi haisukumi theluji. Hata yakiwa magari kumi, kilomita ni zile zile na uwanja wa kuegesha lazima usafishwe. Theluji haiulizi wageni ni wangapi. Gari la kwanza ndilo lenye gharama yote. La pili mpaka la mia yanapita juu ya kazi iliyokwisha kufanywa.

Hapa niliwaomba wanywe chai, maana kila mmoja alikuwa amesema kweli na kweli zenyewe hazikuwa zinakutana. Nikatumia nafasi hiyo kuweka mezani mambo ambayo wasiokuwepo wangeyasema.

MSIMAMIZI: Kwanza historia. Paradise ya theluji haikuanza jana. Miaka ya 1930 pale ndipo watelezaji wa skii wa nchi hii walipokuwa wakikutana, na mwaka 1935 yalifanyika pale mashindano ya kuwachuja watakaokwenda Olimpiki. Mwaka 1942 askari wa kwanza wa milimani wa jeshi la Marekani walifanya mazoezi pale, wakilala kwenye majengo ya wageni. Mwaka 1966 likajengwa jengo jipya la kupokelea wageni, zuri la kutazama, lakini paa lake halikuweza kuitupa theluji. Ikabidi lipashwe moto ili theluji iyeyuke, wakichoma mafuta majira yote ya baridi, mpaka walipochoka wakajenga lingine, lililofunguliwa 2008, lenye mapaa ya mteremko mkali. Somo walilolipata ni kwamba Paradise hutoza kodi yake. Ukikataa kuilipa kwa akili utailipa kwa mafuta.

Pili, watu wa Ashford. Kile ni kijiji kilichopangana kando ya barabara kabla ya lango la Nisqually: nyumba za kulala wageni, mahali pa kula, duka la kukodisha viatu vya theluji na minyororo ya matairi. Minyororo hiyo ni lazima: kuanzia 1 Novemba hadi 1 Mei kila gari linaloingia hifadhini linatakiwa kuwa nayo, hata liwe la kuendesha magurudumu yote manne. Kijiji kile kinajua barabara ikikatika inakuwaje. Mwanzoni mwa Novemba 2006 mvua kubwa ilinyesha kwa saa 36 hivi, mto Nisqually ukala vipande vya barabara, na hifadhi ikafungwa kwa miezi sita. Mtu wa Ashford angekuwa hapa angesema: mafuriko yalikuwa ya Mungu, tukavumilia pamoja. Ratiba hii imepangwa na watu, na mtu hawezi kumlipa mpishi mshahara wa wiki kwa wageni wa siku mbili.

DEREVA: Amesema vizuri huyo. Na sasa tumefika kwenye jambo lenyewe. Imepangwa na watu. Kwa nini? Kwa sababu madereva hawapo. Kwa nini hawapo? Naweza kuwaambia, maana mimi ndiye huyo dereva asiyekuwepo.

MSIMAMIZI: Eleza.

DEREVA: Anayeendesha greda la theluji lazima awe na leseni ya magari makubwa. Ninayo. Lazima azoee barafu na giza. Nimezoea. Lakini leseni hii inatakiwa na kila mtu: kampuni za mizigo, jimbo, kaunti, mabasi ya shule. Kazi ya hifadhi mishahara yake imepangwa kwa madaraja ya serikali kuu, meneja wa pale hawezi kuniongezea senti hata akinipenda. Mara nyingi ni kazi ya msimu, theluji ikiisha na kazi imekwisha. Halafu nitalala wapi? Kutoka Kent mpaka Longmire ni kama saa mbili kukiwa kukavu. Kazi inaanza kabla ya alfajiri. Lazima nihamie kule. Na nyumba za Ashford nyingi zimekuwa za kupangisha wageni kwa usiku mmoja mmoja. Yaani nyumba ambayo ningelala mimi ili nimfungulie mgeni barabara, amelala mgeni, na barabara haijafunguliwa.

MPAGAZI: Umenikumbusha. Mgeni akipanda Kilimanjaro anasema, "Nimepanda peke yangu." Nyuma yake kuna watu kumi: wa hema, wa jiko, wa maji. Mlima hauna peke yako. Na barabara hii hivyo hivyo. Watu wanasema "barabara" wakidhani ni kitu kilichomwagwa siku moja kikabaki. Kiangazi ndiyo, ni kitu. Majira ya baridi barabara ni kazi. Inajengwa alfajiri, jioni inaanza kufukiwa, kesho inajengwa tena. Wajenzi wasipokuja, hakuna aliyefunga. Haikujengwa tu.

MHUDUMU: Basi na waajiriwe! Kiingilio ni dola 30 kwa gari. Zinakwenda wapi?

MWANAFUNZI: Kwa sheria ya 2004, angalau asilimia 80 ya kiingilio inabaki hifadhini. Na mwaka 2020 ilipitishwa sheria kubwa ya kutoa mabilioni ya dola kwa ajili ya matengenezo yaliyolimbikizwa kwenye hifadhi za nchi nzima: madaraja, mabomba, majengo. Ni fedha za kutengeneza vitu. Hazikuwekwa za kumlipa mtu kuamka saa tisa usiku kila siku ya Januari. Kisha Februari 2025 wafanyakazi wapatao 1,000 wa Idara ya Hifadhi za Taifa, wengi wao wapya kazini, walifukuzwa kwa mkupuo mmoja. Baadhi walirudishwa baadaye. Lakini kijana mwenye leseni akisikia habari hiyo, atahamia Ashford kwa ahadi ipi?

MHUDUMU: Tukichanga wenyewe je? Sisi harambee tunaijua.

MWANAFUNZI: Imejaribiwa katika jimbo hili hili, Hifadhi ya Olympic. Barabara ya kupanda Hurricane Ridge ilikuwa ikifunguliwa majira ya baridi Ijumaa mpaka Jumapili. Kuanzia 2010 watu na wafanyabiashara wa mji wa Port Angeles walichanga fedha zao ili ijaribiwe kufunguliwa kila siku. Ilikuwa juhudi ya kuheshimiwa. Lakini jaribio lilipokwisha, siku zikapunguzwa tena.

MPAGAZI: Harambee hujenga darasa. Haimlipi mwalimu miaka ishirini.

MHUDUMU: Mzee, hapo umesema kweli, na inaniuma. Lakini sitaki turudi kwenye "haiwezekani". Mimi kazini nina wazee kumi na wawili. Wafanyakazi wakipungua, hatuwaambii wazee watano kati yao wasile Jumanne. Tunapanga upya. Naombeni tupange.

Ilikuwa mara ya kwanza mjadala kuondoka kwenye "ndiyo" na "hapana". Dereva alichukua karatasi ya bahasha iliyokuwa mezani akachora siku saba za wiki kama visanduku, nasi tukaanza kuzijaza.

DEREVA: Siku saba siwezi kuwaahidi kwa watu waliopo. Dereva aliyechoka kwenye barafu ni jeneza. Lakini siku nne zinazojulikana ni bora kuliko saba za ahadi. Jumamosi na Jumapili ziwepo. Hizo mbili nyingine ziwe katikati ya wiki.

MHUDUMU: Jumanne na Jumatano.

DEREVA: Kwa kuwa ni zako?

MHUDUMU: Kwa kuwa ni za wenye zamu. Ijumaa na Jumatatu ukiziongeza, umempa yule yule mwenye wikendi wikendi ndefu.

MWANAFUNZI: Mimi nitakubali, kwa sharti. Hizo siku mbili za katikati magari binafsi yabaki chini, tupande kwa basi kutoka Ashford. Basi moja linachukua watu wa magari kumi na zaidi. Wanashuka na mtu wa hifadhi anayewaambia wasimrushie mbweha chakula. Na asiye na minyororo, au asiyejua kuifunga, naye anafika.

MPAGAZI: Na asiye na gari. Hilo mmelisahau wote.

DEREVA: Hilo ni jema. Basi linaendeshwa na mtu wa kazi, si baba wa watoto watatu aliyeona minyororo leo kwa mara ya kwanza. Nimewaona hao kando ya barabara, wamepiga magoti kwenye tope la theluji, vidole vimekufa ganzi, wanasoma karatasi ya maelekezo kwa mwanga wa simu. Na uwanja wa kuegesha hatuhitaji kuusafisha wote, sehemu ya kugeuzia basi inatosha. Hapo kweli umenipunguzia kazi. Lakini narudia: kabla ya basi, nyumba.

MPAGAZI: Na siku zinazobaki tatu, mlima upumzike. Binti awe na amani yake.

MSIMAMIZI: Mmenipa ratiba. Sasa niseme langu, kisha tufunge.

Nilianza kikao hiki nikiwa upande wa Mhudumu, na moyo wangu bado uko kwake. Nchi inapoamua kwamba mlima ni mali ya wote, kisha ikaufungua siku ambazo wafanyakazi wake wengi wako kazini, haikuwatangazia hao kwamba hawatakiwi, lakini ndivyo wanavyosikia. Mtoto aliyeuliza mlima unafanya kazi siku gani alikuwa ameelewa jambo sawasawa: kuna mtu anayefanya kazi hapo, na siku hiyo hakuwepo. Wanaolala katika hoteli nzuri na kupanga likizo miezi sita mbele watapanda hata lango likifunguliwa siku moja. Anayepoteza ni yule ambaye mapumziko yake hupangwa na mtu mwingine.

Lakini hoja ya siku saba, kama nilivyoiandika, sasa naikataa, kwa sababu inadai barabara bila kumtaja mjenzi wake. Nimekaa na Dereva nikamsikia. Anayedai lango lifunguliwe kila siku na asidai nyumba, mshahara na kazi ya kudumu kwa mtu wa greda, anamwomba mtu huyo alipie furaha yake kwa usingizi na kwa roho. Ratiba ya siku mbili nayo naikataa. Ilikuja kama dawa ya upungufu, na dawa ya upungufu ikikaa sana watu huanza kuiita desturi. Mtoto aliyekuwa na miaka minne wakati ule, akifika kumi hatakumbuka kwamba siku nyingine ziliwahi kuwepo, wala hatazidai.

Na lile "tu" la Dereva, watu wa kutembea tu, naliondoa. Jimbo linaona thamani ya barabara inayopitisha makontena, ndiyo maana linaajiri. Kinachopanda Paradise hakina mzani, lakini kipo: mtoto wa mkimbizi anayeshika theluji kwa mara ya kwanza na kukiona kwa karibu kile anachokitazama dirishani mwa shule kila siku. Mlima ukitazamwa kwa mbali miaka kumi unabaki kuwa picha ya nchi ya watu. Ukipandwa siku moja unakuwa wa kwako, na mtu hulinda kilicho chake. Hata mbweha wa Mwanafunzi anawahitaji watetezi waliowahi kumwona.

Kwa hiyo nasimama hapa: siku nne, mbili zikiwa katikati ya wiki kwa basi, zitangazwe kabla ya Novemba na zisibadilike ila kwa theluji. Siku tatu za kimya. Na kabla ya yote, fedha za kudumu za kuwaajiri na kuwapa makazi wale wanaoijenga barabara kila alfajiri, ziombwe kwa sauti ile ile ambayo wafanyabiashara, wapanda mlima na sisi wa bondeni tumeitumia kuombea lango.

Tulipoinuka, Mhudumu aliichukua ile bahasha yenye visanduku saba, akaikunja na kuitia mkobani. Akamgeukia Dereva.

"Kaka, wakitangaza kazi ile, utaomba kweli?"

"Leseni ninayo, mama," akajibu, akivaa koti. "Waulize nyumba iko wapi."